Mambo ya Nyumbani: Bwana na Bibi Watakapo Kutengeneza Upya Chumba cha Kuogea

Mwezi huu twawaomba bwana na bibi wa kila nyumba wausome ukurasa huu pamoja, tena kwa sauti, asiusome mmoja peke yake kisha akaukunja na kuutia mfukoni. Maana jambo tutakalolisema si la fundi mwashi tu, wala si la bibi mwenye ndoo tu. Ni habari ya chumba kile kidogo ambacho kila mtu wa nyumba huingia kila siku, na ambacho wageni wakija twaona haya kuwaonyesha, yaani chumba cha kuogea pamoja na choo kilichomo. Wengi wenu mmekwisha kulihamisha bafu kutoka uani na kulitia ndani. Wengine mna bafu la ndani la miaka 15 au 20, ambalo lipu yake yabanduka na bomba lake latoa machozi mchana na usiku. Nanyi husema, "Tutalitengeneza mwaka huu." Basi, kabla hamjamwita fundi, sikilizeni yaliyotupata sisi.

Nyumba yetu ipo upande wa Muheza, nasi tuliijenga mwaka 2009. Bwana yangu ni mwalimu, na wakati wa likizo alifyatua matofali mwenyewe, akasimama na fundi mwashi tangu msingi hata paa. Chumba cha kuogea alikijenga kwa mikono yake, urefu mita 2.4 na upana mita 1.8, na mlango wake aliutundika yeye mwenyewe, nao ulifunguka kwa ndani kama milango mingine yote ya nyumba. Hakuna aliyeona kosa lo lote katika mlango ule kwa muda wa miaka 15.

Mavyaa wangu alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe. Ni mtu mzima sana, lakini hapendi kusaidiwa. Hujichotea maji, hujifulia kanga zake, na akienda kuoga hufunga mlango kama sisi sote. Asubuhi moja ya masika mwaka jana nilikuwa jikoni nikasikia karai likianguka chini, kisha kimya. Nikaita, "Mama! Mama!" Akajibu kwa sauti ndogo, "Nipo, mwanangu, lakini siwezi kuinuka." Nikausukuma mlango. Ukafunguka kiasi cha shubiri moja ukakwama, na mara ile nikatambua ya kuwa kilichouzuia ni mwili wake mwenyewe. Kila nilivyosukuma nilikuwa namsukuma yeye.

Dirisha lina nondo. Bawaba za mlango zipo upande wa ndani, hazing'oleki kwa nje. Bwana yangu alikuwa shuleni. Nikakimbia kwa jirani yetu seremala, akaja na msumeno, akakata nusu ya juu ya ule mlango, akapita kama mwizi. Ilikuwa yapata nusu saa tangu kuanguka hata kuinuliwa, na muda wote ule mavyaa wangu alilala juu ya sakafu yenye maji na povu la sabuni, akinituliza mimi. Mkono wake ulivunjika karibu na kifundo, ukafungwa plasta kwa juma 6. Twashukuru kwamba haukuwa mfupa wa nyonga, maana kwa watu wa umri wake kuvunjika nyonga mara nyingi ndio mwanzo wa kitanda kisichoachwa.

Hapo ndipo tulipokubaliana, mimi na bwana yangu, ya kwamba bafu litengenezwe upya. Na hapo ndipo tulipoacha kukubaliana katika mambo mengine yote.

Yeye alirudi kutoka mjini siku ya tatu akiwa na picha aliyoikata katika gazeti la matangazo ya duka. Picha ile ilikuwa ya bafu la kulala ndani, jeupe kama yai, lenye bomba mbili za dhahabu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika orodha yangu nyuma ya daftari la watoto, nayo ilianza kwa mlango na kumalizika kwa kamba ya kuanikia taulo. Niliiona picha, nikacheka. Kucheka kule lilikuwa kosa langu, nakiri. Bwana yangu akakunja picha yake, akasema, "Hata Seyyid Said alimjengea bibi yake hamamu kule Kidichi." Nami nikajibu upesi bila ya kufikiri, "Naye alikuwa na watumwa wa kumchotea maji. Wewe una mikono yangu."

Neno hili ni la kweli, maana hamamu la Kidichi, huko Unguja, lipo hata leo na mapambo yake ya chokaa ya namna ya Kiajemi, na Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, alilijenga kwa ajili ya bibi yake wa Kiajemi. Lakini neno la kweli lisemwalo kwa ukali halitengenezi bafu. Siku 3 tulikaa tukisemezana habari za chumvi na za ada za shule tu.

Aliyetupatanisha ni mavyaa wangu mwenyewe, naye hakutoa hotuba. Jioni moja alisema, akiwa ameketi barazani na mkono wake umefungwa, "Mnabishana habari ya kuoga kwangu, na hapana aliyeniuliza naogaje."

Basi tukafanya hivi, na kama mtatufuata katika jambo moja tu la ukurasa huu, tufuateni katika hili. Kila mtu alichukua karatasi yake, akaenda mahali pake, akaandika mambo matatu tu ayatakayo katika chumba kile, kwa kufuata uzito wake, na sababu ya kila moja. Mavyaa wangu alimwambia mjukuu wake amwandikie. Kisha tukabadilishana karatasi bila ya kusema neno.

Nilidhani karatasi ya bwana yangu itaanza na lile bafu jeupe. Haikuanza hivyo. Neno la kwanza lilikuwa "mlango," na sababu yake aliandika: "Niliutundika mimi." La pili lilikuwa bafu la kulala, na sababu: "Mama akae chini asisimame, asianguke tena." Nilisoma mara mbili. Kumbe siku zote zile nilidhani atamani anasa, naye alikuwa akitafuta njia ya kulipa deni ambalo hapana mtu aliyemdai. Yeye naye alikuwa amekiona kicheko changu kama hukumu. Wasomaji wengine watasema kwamba mtu aweza kuulizwa kwa mdomo. Naam, aweza, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kukosana, na karatasi haina sauti ya kuudhi.

Baada ya hapo hesabu zilikuwa rahisi, kwa sababu tulijua sasa twahesabu kwa ajili ya nini. Bafu la kulala la kawaida lina urefu wa mita 1.7 hivi, na ukingo wake husimama nusu mita hivi kutoka sakafuni. Tulimwuliza mama aonyeshe kadiri awezavyo kuinua mguu. Aliuinua kiasi cha kukanyaga ngazi ya kibaraza, akashika ukuta. Bwana yangu alitazama, akaondoa picha mezani. Kuuvuka ukingo ule kwa mguu mmoja, na mguu mwingine u majini, ni hatari kuliko sakafu iliyomwangusha. Tena kulijaza bafu kama lile kwataka yapata lita 150, yaani ndoo 7 na nusu za lita 20. Sisi tu watu 6, na kila mmoja huoga kwa ndoo moja au chini yake. Basi bafu moja la mtu mmoja ni maji ya nyumba nzima, na mgeni mmoja akaoga pia.

Mahali pa bafu tuliweka kibaraza cha tofali na saruji, kimo chake sentimita 45, upana wake wa kumtosha mtu kuketi na kuweka ndoo pembeni yake, na uso wake umeteremka kidogo sana ili maji yasituame. Mtu huketi, akajimwagia kwa kata, au akafungua bomba la mvua lililo juu yake. Kibaraza ni kitu chetu wenyewe. Kila nyumba ya pwani ina baraza, hatukuwaza tu kukitia ndani ya bafu.

Na hapa niseme neno dogo kando, kwa kuwa vijana wengine hudhani chumba cha kuogea ndani ya nyumba kilikuja juzi pamoja na bomba za kung'aa. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji ambao watu waliuacha katika karne ya 17, vyoo vya ndani ya nyumba za mawe vyaonekana hata leo. Na katika nyumba za zamani za Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa, na ndani yake wenyeji walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hao walifikiri habari ya maji, ya adabu na ya homa kwa pamoja. Mimi nilipenda sana kuwa na birika la namna ile. Ndilo jambo la tatu katika karatasi yangu. Sikulipata, kwa sababu nafasi haikutosha, nami nimeridhika, au karibu na kuridhika.

Sasa habari ya fedha. Tulikuwa na akiba tuliyoiweka kwa kupaua jiko upya. Tukakubaliana jiko lingoje mwaka mmoja, lakini bafu lisivuke akiba ile hata kidogo. Bwana yangu akaigawa mara tatu. Fungu kubwa kuliko yote tuliliweka kwa vitu visivyoonekana, yaani mabomba ya chini ya sakafu, saruji, na kazi ya kuzuia maji yasipenye ukutani. Fungu la pili kwa vitu vionekanavyo: marumaru, choo, bomba, rangi. Na sehemu moja katika kumi tuliificha, tusimwambie fundi wala tusijiambie sisi wenyewe, kwa ajili ya lile lisilojulikana. Siku ya pili ya kazi sakafu ilipovunjwa tuliona bomba la zamani limepasuka, na maji machafu ya miaka yalikuwa yakinywewa na udongo chini ya ukuta. Sehemu yetu ya kumi ilikwisha siku ile ile. Tungalianza na marumaru nzuri, tungalizitandika juu ya uozo.

Fundi wetu wa kwanza simtaji. Tulimpa nusu ya ujira kabla hajaleta hata mwiko, naye akapata msiba wa ghafula kwao, na msiba ule haujakwisha hata leo. Wa pili tulimlipa kwa hatua: mabomba yakimalizika na kupimwa, fungu, sakafu ikimalizika na kupimwa, fungu, na la mwisho baada ya sisi wenyewe kuoga humo juma zima. Yote yaliandikwa katika karatasi, na mimi na bwana yangu tulitia sahihi sote wawili, ili fundi asipate kumwendea mmoja wetu na kusema, "Mwenzako amekubali."

Kuna mambo ya kazi ambayo kila nyumba yafaa iyajue, hata kama fundi ni hodari.

La kwanza ni mteremko. Sakafu ya kuogea haina budi kuteremka kuelekea tundu la maji, kiasi cha sentimita 2 hivi kwa kila mita moja. Ikizidi sana mtu mzima hutembea kama yumo mashuani. Ikipungua maji hukaa, na penye maji pana utelezi. Msikubali jicho la fundi. Mwambieni alete pima maji. Yetu ya zamani ilikuwa imetelemkia ukutani, ndiyo sababu lipu ilikuwa ikibanduka kila mwaka nasi tukailaumu rangi.

La pili ni bomba lililopindwa. Bafu letu lilikuwa likinuka wakati wa jua kali, na mende walipanda kutoka katika tundu usiku. Fundi alituonyesha sababu: bomba lilikwenda moja kwa moja hata karo, bila ya mpindo wo wote. Mpindo ule mdogo, ambao maji kiasi cha sentimita 5 hubaki ndani yake daima, ndio kizibo. Maji safi hupita, lakini harufu haiwezi kurudi. Aliyepata hati ya serikali kwa kutumia mpindo huo katika choo cha maji alikuwa mtengeneza saa, jina lake Alexander Cumming, katika mji wa London, mwaka 1775. Na kazi yake i hai katika kila choo cha maji tukitumiacho leo. Nanyi wenye bafu la wageni lisilotumika, jueni kwamba maji ya mpindo hukauka baada ya majuma mengi, na harufu hurudi. Mwageni maji kidogo tu, itakwisha.

La tatu ni karo lenyewe. Kama mna kisima, karo na choo viwe mbali nacho. Mita 30 ndicho kipimo kinachoshauriwa mara nyingi, tena pasiwe upande wa juu wa kisima. Bomba la pumzi la karo lifungwe wavu mdogo mdogo, maana mbu hupenda maji machafu yaliyotulia.

La nne ni tangi. Maji ya bomba kwetu hayaji kila siku, basi tulihitaji tangi la lita 1000. Bwana yangu alitaka kuliweka juu ya boriti za bafu, mahali palipo karibu. Fundi akamwuliza, "Mwalimu, lita 1000 zina uzito gani?" Akajibu bila ya kusita, "Kilo 1000," kisha akanyamaza, akazitazama boriti. Ni magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, yamekaa juu ya kichwa cha mama yake. Tangi likajengewa mnara wa tofali nje, wenye msingi wake. Kimo chake ni mita 3 tu juu ya bomba la mvua, kwa hiyo mvua yake ni ya manyunyu, si ya masika. Mtakaye nguvu zaidi, pandisheni mnara.

Na choo chenyewe tulichagua cha kukaa, chenye kiti cha sentimita 45 kutoka chini, kwa sababu magoti ya mama hayawezi kuchuchumaa. Bwana yangu hapendi choo cha kukaa, wala sikumlazimisha. Kile cha uani cha kuchuchumaa tulikiacha, tukakipaka chokaa. Tangi dogo la choo kipya hutumia lita 6 mahali pa 9 za kile cha zamani. Watu 6, mara 4 kwa siku, ni lita 72 tulizookoa kila siku, zaidi ya ndoo 3 na nusu. Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hiyo darasani.

Wawape na hii ya marumaru pia. Sakafu ya mita 2.4 kwa 1.8, na kila kipande sentimita 30 kwa 30, yataka vipande 48 kamili. Ongezeni sehemu moja katika kumi kwa vitakavyovunjika na kukatwa, mtanunua 53. Nunueni vyote siku moja na katika mzigo mmoja, maana rangi ya mzigo wa pili mara nyingi si ile ile. Na msichague kwa macho tu. Zile za kung'aa ni za ukutani. Zikiwa chini na maji ya sabuni juu yake ni kama ganda la ndizi. Mimi niliomba maji katika duka, nikamwaga juu ya kipande, nikavua kiatu nikakisugua kwa wayo. Muuza duka alicheka, na watu wakasimama kutazama. Vipande viwili vilikataliwa na mguu wangu, cha tatu kilikubaliwa, nacho ni cha rangi ya udongo na uso wa makwaruzo. Bwana yangu alitaka nyeupe. Kuta ni nyeupe.

Kabla ya kutandika marumaru, fundi alipaka sakafu na sehemu ya chini ya kuta dawa ya kuzuia maji. Tukamwambia azibe tundu, tukamwaga maji kimo cha vidole viwili, tukatia alama ya penseli ukutani, tukaacha saa 24. Alikasirika, akisema amefanya kazi hii tangu ujana wake wala hajapimwa kama mtoto wa shule. Kesho yake maji yalikuwa yamepungua nusu. Akatazama, akavua kofia, akatafuta, akaona ufa kando ya bomba, akapaka tena. Mara ya pili alama haikusogea sana, na tangu siku ile yeye mwenyewe ndiye asemaye kwa wateja wake, "Twende kwenye kipimo cha penseli." Saruji nayo ipeni siku zake, inyweshwe maji kwa siku 7, msiikimbize kwa sababu mmechoka kuoga uani. Sisi tulioga ndani ya kitalu cha makuti kwa juma 4, na watoto walipenda, wakasikitika kilipoondolewa.

Habari ya umeme nasema kwa ufupi. Kama mtaweka chombo cha kupasha maji moto, mwiteni fundi wa umeme mwenye cheti, si mpwa wenu. Waya wa ardhi uwepo, na kifaa kinachokata umeme mara moja ukivuja hata miliampea 30. Sisi hatukuweka. Maji ya mama hupata moto jikoni kama zamani.

Mlango tuliuacha kuwa wa mwisho. Sasa wafunguka kwa nje. Upana wake umeongezwa hata sentimita 90, na komeo lake ni la namna ambayo mtu wa nje aweza kuligeuza kwa sarafu panapotokea shida. Kando ya choo na kando ya kibaraza pana vyuma vya kushikia. Vimo vyake hatukuvitoa kitabuni: mama aliketi, akainuka, akaweka mkono mahali alipotaka kushika, na bwana yangu akatia alama ya chaki pale pale. Vyuma vilichimbiwa ndani ya tofali na kujazwa saruji, na siku ya tano bwana yangu alining'inia kila kimoja kwa uzito wake wote, mbele ya watoto, wakapiga makofi.

Ule mlango wa zamani ulikuwa umeegeshwa nyuma ya jiko, na nusu yake ya juu imekatwa. Nilimwambia auchome kuni. Hakutaka. Juma moja baadaye nikamkuta ameutengeneza meza fupi ya kuwekea ndoo, nayo ipo bafuni sasa, upande wa kulia wa kibaraza, mama anapoufikia mkono wake usioumia.

Mavyaa wangu alioga wa kwanza. Alikaa humo muda mrefu, nami nikasimama karibu na mlango nikijifanya nafagia. Alipotoka nilimwuliza kama chumba kimempendeza. Akasema sakafu ni nzuri, kibaraza ni kizuri, lakini kuta nyeupe zamwumiza macho asubuhi.

Kilichobaki ni kioo. Bwana yangu ni mrefu, mimi ni mfupi, na mama huketi. Kimeegemea ukuta wa chumbani hata sasa, na kila mmoja wetu ametia alama yake ya penseli juu ya ukuta wa bafu.